Barua ya Wazi kwa Wapenzi wa Petra: Ubishi wa Volz na Schlitt Ufungwe

KWA: Wapenzi wa bendi ya Petra na wa roki ya Kikristo kwa jumla, popote walipo wasomao Kiswahili

YAH: Ubishi kuhusu mwimbaji kiongozi halali wa Petra



Bendi ya Petra ya Marekani ilibadilisha mwimbaji wake kiongozi mwanzoni mwa 1986, Greg X. Volz alipoondoka na nafasi yake ikashikwa na John Schlitt, na tangu wakati huo wapenzi wa bendi hiyo wamekaa katika kambi mbili zisizosikilizana, moja ikidai kwamba Petra ya kweli ilikwisha siku Volz alipoweka chini kipaza sauti, na nyingine ikidai kwamba Petra ya kweli ilianza siku Schlitt alipokishika. Barua hii inaandikwa kwa kambi zote mbili. Haikusudii kumtangaza mshindi. Inakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya kwa takribani miaka arobaini, na kwamba ubishi huo umemfunika mtu ambaye bila yeye kambi zote mbili zingekosa cha kubishania.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa sawa kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi inatokana na kuzitumia kiholela. Roki ya Kikristo ni muziki unaotumia ala na mapigo ya roki, yaani gitaa la umeme, gitaa la besi, seti ya ngoma na mara nyingi kinanda cha umeme, ili kubeba maneno ya imani. Ulizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika vuguvugu la vijana waliookoka wakiwa bado na nywele zao ndefu na magitaa yao, ambao waliimba katika migahawa ya kahawa na viwanja vya wazi kwa sababu makanisa mengi hayakutaka kusikia ngoma karibu na madhabahu. Mwimbaji kiongozi, kwa upande wake, ni yule anayebeba beti mbele ya wenzake, ambaye sauti yake ndiyo inayotambulika kwanza redioni na ambaye ndiye hutazamwa na umati hata pale mpiga gitaa anapofanya kazi kubwa kumshinda. Cheo hicho ni cha kazi na wala si cha umiliki: mwimbaji kiongozi anaweza kuwa mwanzilishi wa bendi, au mtunzi wake mkuu, au asiwe lolote kati ya hayo mawili. Katika Petra, kwa miaka yote inayobishaniwa, hakuwa lolote kati ya hayo mawili, na hapo ndipo pa kuanzia.

Petra ilianzishwa mwaka 1972 mjini Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, na mpiga gitaa Bob Hartman akishirikiana na Greg Hough aliyepiga gitaa pia, John DeGroff aliyepiga besi na Bill Glover aliyepiga ngoma. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka 1974 chini ya kampuni ya Myrrh, na anayeisikiliza leo anagundua upesi kwamba bendi hiyo haikuwa na mwimbaji kiongozi hata kidogo: Hartman na Hough waligawana kazi ya kuimba, kila mmoja kadiri alivyojaliwa, na zinazosikika ni sauti za wapiga gitaa wanaoimba kwa kuwa hakuna mwingine wa kuimba. Ilipofika albamu ya pili, Come and Join Us ya 1977, waliitwa waimbaji wageni ili kuziba pengo hilo, na mmoja wa wageni hao alikuwa Volz, ambaye baadaye alibaki moja kwa moja. Kwa hiyo wale wanaomwita Volz mwimbaji wa asili wa Petra wanaruka miaka kadhaa na albamu nzima ya kwanza. Volz alikuwa mrithi, na pengine inafaa kukumbushwa kwamba hakuna mpenzi wa Petra aliyewahi kulalamika kwamba aliinyang'anya bendi sauti ya Greg Hough.

Pamoja na hayo, kambi ya Volz ina haki ya kujivunia ilichonacho. Kuanzia Washes Whiter Than ya 1979, kupitia Never Say Die ya 1981, More Power to Ya ya 1982 na Not of This World ya 1983, hadi Beat the System ya 1984, Petra ilitoka katika hali ya bendi ndogo ya vijana wa mkoani ikawa bendi iliyojaza kumbi, na sauti ya Volz ilikuwa sehemu kubwa ya kupanda huko. Msomaji aliyepitia kwaya ataielewa sauti hiyo akiambiwa kwamba ni sauti ya tatu, yaani sauti ya juu ya wanaume, tena sauti ya tatu inayopanda bila kukwaruza, iliyo safi katikati na yenye mtetemo mpana mwishoni mwa kila noti ndefu, kiasi kwamba hata wimbo mkali ukipita kooni mwake hutoka ukiwa umelainika. Wimbo uliowaingiza katika redio za Kikristo, The Coloring Song wa 1981, ni wimbo wa taratibu kabisa, na jambo ambalo wapenzi wengi hulisahau ni kwamba haukutungwa na Volz wala Hartman, bali na Dave Eden. Ucheshi nao haukukosekana: katika More Power to Ya, mwanzoni mwa wimbo Judas' Kiss, bendi iliweka kwa makusudi maneno yaliyorekodiwa kinyumenyume, ikiwakejeli watu waliokuwa wakizungusha santuri kinyume ili wamkamate Shetani ndani yake, na mtu aliyejisumbua kuyazungusha maneno hayo alijikuta akikaripiwa kwa kazi ileile aliyokuwa akiifanya.

Volz aliondoka ili afuate huduma yake binafsi, na albamu yake mwenyewe, The River Is Rising, ikatoka mwaka huohuo wa 1986. Albamu yake ya mwisho akiwa na Petra katika kipindi hicho ni Captured in Time and Space, iliyorekodiwa moja kwa moja jukwaani mbele ya watu, jambo ambalo kwa bahati nzuri liliihifadhi sauti yake ikiwa katika kilele chake. Aliyeitwa kushika nafasi hiyo alikuwa na historia ya namna nyingine kabisa. Schlitt alikuwa mwimbaji wa Head East, bendi ya roki ya kawaida kutoka jimbo la Illinois iliyojulikana kwa albamu ya Flat as a Pancake ya 1975, na kama yeye mwenyewe alivyosimulia hadharani, alifukuzwa katika bendi hiyo mwaka 1980 kwa sababu ya uraibu wa kokeini, akaokoka mwaka huohuo, akaacha muziki, akarudi kwenye taaluma aliyoisomea ya uhandisi na kufanya kazi migodini. Alipopigiwa simu na Hartman, hakuwa amesimama jukwaani kwa muda wa miaka mitano hivi. Onesho lake la kwanza na Petra lilifanyika nchini Australia mapema mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 36, umri ambao kwa waimbaji wengi wa roki ni wa kuanza kuhesabu yaliyopita.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mabadiliko hayo yaliwatikisa watu kuliko mabadiliko kama hayo yanavyowatikisa wapenzi wa bendi isiyo ya dini. Katika bendi inayojiita huduma, yaani kazi inayofanywa kwa niaba ya Mungu na kwa ajili ya kanisa, msikilizaji hachukulii sauti ya mwimbaji kuwa ufundi peke yake. Huichukulia kuwa ushuhuda, na mtu aliyeokoka, aliyepona au aliyefarijiwa akisikiliza sauti fulani huifungamanisha sauti hiyo na tukio la maisha yake mwenyewe, hivyo ikiondoka huona kama kwamba ushuhuda wake umeguswa. Tena hali ya nje haikuwa nzuri. Mwaka 1987 mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart alichapisha kitabu kizima cha kuushambulia muziki wa roki ndani ya kanisa, na katika mazingira hayo sauti iliyotoka katika bendi ya kidunia, yenye mikwaruzo na historia ya dawa za kulevya, ilikuwa rahisi kunyooshewa kidole. Barua hii inakubali kwamba kambi ya Volz ilikuwa na sababu ya kuhuzunika. Inachokataa ni hatua ya pili, ile ya kuigeuza huzuni kuwa hukumu juu ya uhalali wa aliyekuja.

Ili hukumu hiyo ipimwe vizuri, inabidi kuangalia kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa maana mabadiliko ya mwimbaji kiongozi hayaishii kwenye koo jipya mbele ya kipaza sauti kilekile. Kila wimbo hutungwa katika kimo fulani cha sauti, kile ambacho mwalimu wa kwaya hukipanga anapowaambia waimbaji doh iko wapi, na kimo hicho huchaguliwa kwa kufuata mahali ambapo sauti ya mwimbaji huyo hung'aa na mahali ambapo huchoka. Sauti ya Schlitt nayo hupanda juu sana, wakati mwingine juu kuliko ya Volz, lakini hupanda kwa njia nyingine: huanza neno kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango, na mikwaruzo yake huongezeka kadiri noti inavyopanda, wakati ya Volz ilizidi kuwa safi. Tofauti hiyo ina maana kwamba mstari mrefu uliotungwa ili uelee juu ya kinanda kwa pumzi moja haumfai Schlitt, na kwamba mtunzi anayemwandikia Schlitt anapaswa kukata mistari iwe mifupi, kuweka silabi zenye mkazo mwanzoni, na kuacha nafasi baina ya mstari na mstari ambamo gitaa linaweza kujibu.

Anayetaka kulithibitisha hilo kwa masikio yake asikilize Beat the System na kisha Back to the Street, albamu ya kwanza ya Schlitt iliyotoka mwaka 1986, bila kuweka nyingine katikati. Katika ile ya kwanza kinanda cha umeme ndicho kinachotawala, midundo imepangwa kwa mashine kwa kiasi kikubwa, na gitaa la Hartman limekaa nyuma kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Katika ile ya pili gitaa limerudi mbele, ngoma zimepanuliwa, na viitikio vimeandikwa ili viimbwe na kundi zima kwa pamoja, huku Schlitt akipenya juu yao. Kwa maoni ya barua hii, Back to the Street ni albamu ya mpito, isiyo na uamuzi, yenye nyimbo kadhaa ambazo bado zina desturi za albamu iliyoitangulia na ambazo mtu anaweza kumsikia Volz ndani yake akitaka. Lakini mwaka uliofuata, katika This Means War!, shaka hiyo haipo tena: nyimbo zimeandikwa kwa ajili ya koo linaloziimba, na taswira za vita vya kiroho zilizojaa humo, ambazo kwa sauti laini ya Volz pengine zingesikika kama maigizo, zinaaminika.

Waliosaidia kazi hiyo studioni walikuwa ndugu wawili, John na Dino Elefante, walioshika nafasi ya watayarishaji, yaani wale wanaosimamia kurekodi na kuamua sauti ya mwisho ya albamu itakuwaje. John Elefante hakuwa mgeni katika jambo la kurithi kipaza sauti cha mtu mwingine, kwa kuwa miaka michache kabla ya hapo alikuwa amechukua nafasi ya Steve Walsh katika bendi maarufu ya Kansas na kuimba katika albamu zake za Vinyl Confessions ya 1982 na Drastic Measures ya 1983. Kwa hiyo mwaka 1986, mwimbaji mrithi alikuwa akiongozwa na mwimbaji mrithi mwenzake, mtu aliyejua kutoka kwenye uzoefu namna umati unavyomtazama anayesimama mahali palipokuwa pa mwingine. Wengine wote walibaki walewale: Hartman kwenye gitaa, John Lawry kwenye kinanda, Mark Kelly kwenye besi, Louie Weaver kwenye ngoma. Kati ya watu watano, aliyebadilika ni mmoja.

Hapa inafaa kuigeukia kambi ya Schlitt, ambayo nayo ina makosa yake, na kosa lake kubwa ni kuhesabu tuzo. Ni kweli kwamba Beyond Belief ya 1990 ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1991, kwamba bendi iliipata tuzo hiyo mara nne kwa jumla, na kwamba mara zote nne aliyekuwa akiimba ni Schlitt. Lakini tuzo ya Grammy ya albamu bora ya injili ya mtindo wa roki haikuwapo kabla ya hapo. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1991, na Petra ndiyo iliyoifungua. Kumpima Volz kwa tuzo ambayo haikuwapo alipokuwa akiimba ni kumwonea, na kambi ya Schlitt inapaswa kuiacha hoja hiyo kabisa, hasa kwa kuwa haiihitaji. Bendi ilipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa injili nchini Marekani mwaka 2000, ikiwa bendi ya kwanza ya roki kupewa heshima hiyo, iliingizwa kwa kazi ya miaka yake yote, ya kabla na ya baada ya 1986.

Linalounganisha miaka hiyo yote ni jina moja ambalo kambi zote mbili hulitaja kwa heshima ya juujuu na kulipita. Bob Hartman ndiye aliyeanzisha bendi, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya nyimbo ambazo Volz alizifanya zipendwe, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya nyimbo ambazo Schlitt alizifanya zipendwe, zikiwemo Grave Robber kwa upande mmoja na This Means War! kwa upande mwingine. Mtu akifungua karatasi ya ndani ya jalada la albamu yoyote ya Petra ya miaka ya 1980, ataliona jina hilo chini ya kichwa cha wimbo, kwa herufi ndogo, ukurasa baada ya ukurasa, wakati picha ya mwimbaji imechukua nafasi kubwa zaidi. Hata Hartman alipoacha kuzunguka na bendi katikati ya miaka ya 1990 ili akae na familia yake, aliendelea kuiandikia nyimbo, kiasi kwamba kwa miaka kadhaa kulikuwa na hali ya ajabu ambapo jukwaani alisimama Schlitt bila mwanzilishi, na bado maneno mengi yaliyoimbwa yalikuwa ya mwanzilishi. Kipimo ambacho barua hii inakipendekeza kinatoka hapo: bendi ya namna hii inaendelea kuwa yenyewe maadamu chanzo cha nyimbo zake kinaendelea, na mwimbaji mpya ni halali pale nyimbo zinapotoka kwenye chanzo hicho na kuandikwa upya kwa ajili yake, bila kulazimishwa kuvaa nguo za aliyemtangulia.

Kipimo hicho hakiipitishi kila bendi, na mfano wa Audio Adrenaline unaonyesha mahali kinapobana. Bendi hiyo ilianzia katika chuo cha Kikristo mjini Grayson, jimbo la Kentucky, na mwimbaji wake Mark Stuart ndiye aliyeimba Big House wa 1993, wimbo ambao watoto wa makanisa mengi ya Marekani waliukariri pamoja na ishara zake za mikono. Stuart alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoifanya misuli ya koo ijikaze bila hiari wakati mtu anapotaka kusema au kuimba. Sauti ikawa inakatika katikati ya neno, na mwaka 2006 bendi ikatangaza kwamba itaacha kazi, ikafanya onesho lake la mwisho mjini Honolulu mwezi Aprili 2007. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima na ulipaswa kuwa wa mwisho. Mwaka 2012 jina la Audio Adrenaline lilirudishwa, mpiga besi Will McGinniss akiwa ndiye kiungo na wanabendi wa zamani, na mwimbaji akiwa Kevin Max aliyetoka katika kundi la dc Talk; Max akaimba katika albamu ya Kings & Queens ya 2013, akaondoka 2014, na nafasi yake ikachukuliwa na Adam Agee aliyeimba katika Sound of the Saints ya 2015.

Kulikuwa na sababu njema nyuma ya kurudi huko, nayo ni kazi ya kuwatunza watoto nchini Haiti ambayo wanabendi waliianzisha mwaka 2004 kwa jina la Hands and Feet Project, jina lililotokana na wimbo wao wenyewe, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeilaumu bendi kwa kutaka watu waikumbuke kazi hiyo. Max naye ni mwimbaji hodari ambaye hahitaji kutetewa. Hata hivyo, sababu njema ya kukusanya fedha ni jambo moja, na kuendelea kwa bendi ni jambo jingine: sauti ilikuwa mpya, uandishi kwa sehemu kubwa ulikuwa mpya, na waimbaji wawili walipokezana ndani ya muda mfupi kiasi kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kuandikiwa nyimbo zinazomkaa. Ingekuwa sawa zaidi kama kazi ile nzuri ingepewa jina jipya. Newsboys, bendi iliyozaliwa Australia mwaka 1985, iliwahi kupata njia fupi zaidi: mwimbaji wake John James alipoondoka, mpiga ngoma wake Peter Furler, ambaye alikuwa mwanzilishi na mtunzi, alitoka nyuma ya ngoma akasimama mbele, na albamu ya 1998 iliyofuata ilipewa jina lenye utani juu ya jambo hilohilo, Step Up to the Microphone. Si kila bendi ina mpiga ngoma wa namna hiyo.

Kuna jambo ambalo pengine lingetosha kuufunga ubishi wa Petra hata bila hoja zote hizi, nalo ni mwenendo wa wahusika wenyewe. Petra ilipofanya onesho lake la kuaga mjini Franklin, jimbo la Tennessee, mwezi Oktoba 2005, ili lirekodiwe na kutolewa kama albamu, Volz alialikwa, akaja, akaimba kwenye jukwaa la Schlitt, na Schlitt akampisha. Miaka mitano baadaye Hartman, Volz, Kelly, Lawry na Weaver walikutana tena na kurekodi upya nyimbo zao za zamani kwa jina la Classic Petra, na Hartman huyohuyo, miaka michache baada ya hapo, alirudi kufanya kazi na Schlitt. Hakuna kati ya hao aliyetenda kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Waliobaki na kinyongo ni wasikilizaji, ambao baadhi yao bado hujitambulisha kuwa wa Volz au wa Schlitt kwa namna ileile ambayo Wakorintho walijiita wa Paulo, wa Apolo au wa Kefa, na inashangaza kidogo kwamba watu wanaoijua vizuri barua iliyoandikwa kwa kanisa la Korintho hawajaona kuwa inawahusu.

Kwa hiyo kambi ya Volz inaombwa iisikilize This Means War! kuanzia mwanzo hadi mwisho, albamu nzima, kabla ya kusema tena kwamba Petra ilikufa 1986. Kambi ya Schlitt inaombwa iache kutumia Grammy kama fimbo, na isikilize Captured in Time and Space ili ijue ni kitu gani Schlitt alikabidhiwa. Wale wanaoandika historia ya bendi hii, wanaotayarisha vipindi vya redio juu yake au wanaowafundisha vijana wa makanisani kuhusu roki ya Kikristo, wanaombwa waanze na jina la Bob Hartman, kisha wamtaje Volz, kisha Schlitt, kwa mpangilio huo, na chini ya kila wimbo wanaoutaja waandike jina la aliyeutunga.